Je, Wajua? Amplifaya Ikikorofishwa Hutoa Mawimbi

Je, wajua kwamba ule mlio mkali unaowafanya waalikwa wote wazibe masikio, MC anaposogea na maiki mbele ya spika, ni jenereta ya mawimbi iliyokamilika? Sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, inakuzwa, inatoka tena, na mzunguko hauishi mpaka mtu wa mitambo akimbilie volyumu. Hakuna aliyeimba wala aliyepuliza filimbi. Amplifaya imejiimbia yenyewe.

Masharti ya kituko hicho yaliwekwa kwenye hesabu mwaka 1921 na Heinrich Barkhausen, profesa wa Dresden, Ujerumani. Ni mawili tu. Wimbi likishazunguka njia nzima na kurudi lilikoanzia, lisiwe limepungua nguvu; na likirudi, kilele chake kiangukie juu ya kilele cha lile lililotangulia. Yakitimia yote mawili, saketi inaanza kutetema bila kuombwa. Mtu wa mitambo anayeshusha volyumu anavunja sharti la kwanza. MC anayegeuka na maiki yake anaweza kuvunja lolote kati ya hayo.

Mbunifu wa amplifaya anatumia muda wake mwingi kuhakikisha hayo mawili hayakutani. Mbunifu wa jenereta ya mawimbi anafanya kinyume: anayakutanisha kwa makusudi, kisha anaichagulia vurugu hiyo umbo na kasi. Ndiyo ufundi wote, na siku hizi unaingia kwenye chipu ya miguu minane.

Dawa ya kuituliza amplifaya nayo ina kisa chake. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, mhandisi wa maabara za Bell aitwaye Harold Black alikuwa ndani ya kivuko cha Lackawanna akivuka Mto Hudson kwenda kazini New York. Wazo likamjia: chukua sehemu ya kinachotoka, kirudishe mlangoni kikiwa kimegeuzwa, kije kusahihisha makosa. Hakuwa na karatasi, akachora kwenye ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo. Huo ndio mrejesho hasi. Aliomba hataza mwaka 1928, akaipata 1937.

Je, wajua kwamba op-ampu (operational amplifier), amplifaya iliyomo kwenye chipu ile ya miguu minane, haikutengenezwa kwa ajili ya muziki? Ilizaliwa ili ifanye hesabu. Karl Swartzel wa Bell aliomba hataza ya amplifaya ya kujumlisha mwaka 1941, na saketi za aina hiyo zikaingia kwenye mtambo wa M9 uliokuwa ukikokotoa mahali pa kulenga mizinga ya kutungulia ndege wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jina lenyewe lilichapishwa 1947 katika makala ya John Ragazzini na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia. Volti zilisimama badala ya tarakimu: kujumlisha, kutoa na kulimbikiza, yote yalifanywa na umeme.

Op-ampu ya kwanza kuuzwa dukani, K2-W ya kampuni ya George Philbrick, ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ilikuwa na vali mbili za kioo na ilidai volti 300 chanya na 300 hasi. Chipu ya leo ya TL072 ina op-ampu mbili tumboni na inatosheka na betri mbili za volti 9.

Na kama huna TL072? Fungua sabufa iliyokufa. Kwenye ubao wa toni na volyumu kuna uwezekano mkubwa ukakuta chipu ndogo iliyoandikwa 4558. Hiyo nayo ni op-ampu mbili, na miguu yake imepangwa sawasawa na ya TL072: 1 na 7 ni matokeo, 2 na 6 ni miguu ya hasi, 3 na 5 ya chanya, 8 ni umeme chanya na 4 ni umeme hasi. Fundi anayetupa ubao huo anatupa jenereta.

Op-ampu inajali kitu kimoja tu: tofauti kati ya mguu wake wa chanya na wa hasi. Chipu mashuhuri ya 741 huikuza tofauti hiyo mara 200,000 hivi. Sasa piga hesabu. Mguu wa chanya ukizidi wa hasi kwa sehemu ya kumi ya milivolti, chipu inatakiwa itoe volti 20, na betri zako hazina hizo. Kwa hiyo inatoa zote ilizonazo na kugota juu. Tofauti ikigeuka, inagota chini. Bila mrejesho hasi wa Bwana Black, op-ampu haijui katikati.

Tabia hiyo ndiyo tunayoitumia. Op-ampu moja, resista tatu, kapasita moja, na tayari una wimbi mraba. Resista mbili zinazolingana zinagawa volti ya tokeo nusu kwa nusu na kupeleka nusu hiyo kwenye mguu wa chanya. Resista ya tatu inatoka kwenye tokeo hilohilo kwenda kujaza kapasita iliyokaa kati ya mguu wa hasi na athi. Tuseme tokeo limegota kwenye volti 7.5 chanya, pungufu kidogo ya zile 9 za betri. Mguu wa chanya unasoma 3.75. Kapasita inapanda: 1, 2, 3, inaelekea 7.5. Haitafika. Inapopita 3.75 kidogo tu, mguu wa hasi unakuwa mkubwa kuliko wa chanya, na tokeo linaporomoka mpaka 7.5 hasi. Papo hapo shabaha nayo imehama: mguu wa chanya sasa unasoma 3.75 hasi. Kapasita inaanza kushuka kuifuata, ikiipita kidogo tokeo linaruka juu, na shabaha inahama tena. Mzunguko mmoja unachukua muda wa 2.2 × R × C. Kwa resista ya kiloomu 10 na kapasita ya nanofaradi 100 unapata mizunguko kama 455 kwa sekunde, sauti inayosikika vizuri kabisa.

Mchezo huo ni mkongwe kuliko chipu. Wafaransa wawili, Henri Abraham na Eugène Bloch, waliufanya kwa vali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuuchapisha 1919.

Je, wajua kwamba ngisi ana mkono wake katika saketi hii? Mwaka 1934, mwanafunzi wa Kimarekani Otto Schmitt alikuwa akichunguza jinsi mishipa ya fahamu ya ngisi inavyopitisha ishara, akataka saketi inayojibu vilevile: ama ndiyo ama hapana, bila kusitasita. Saketi yake, aliyoitangaza 1938, ina mistari miwili badala ya mmoja. Ili igeuke juu lazima uvuke mstari wa juu. Ili irudi lazima ushuke mpaka wa chini. Katikati haisikii la mtu. Zile 3.75 chanya na 3.75 hasi ndiyo mistari ya Schmitt. Ungeweka mstari mmoja tu, kelele ndogo ya umeme ingelifanya tokeo litapetape hapo bila kwenda kokote.

Ukichungulia kapasita ya saketi hiyo kwa osiloskopu utaona haipandi kwa mstari mnyoofu. Inaanza kwa kasi halafu inachoka, kwa sababu kadiri inavyojaa ndivyo umeme unaoingia unavyopungua. Ukitaka pembetatu yenye mabega yaliyonyooka, lazima umeme uingie kwa kiwango kilekile mwanzo mpaka mwisho, na hapo ndipo op-ampu ya pili inapopata kazi. Weka kapasita kati ya tokeo lake na mguu wake wa hasi, mguu wa chanya upeleke athi. Sasa chipu inahangaika kuuweka mguu wa hasi kwenye sifuri, kwa hiyo resista inayouletea umeme inapitisha kiasi kilekile muda wote, na kapasita inapanda kwa mwendo mmoja. Ni ileile saketi ya kulimbikiza ya mashine za hesabu.

Haya, tuijenge. Op-ampu ya kwanza ni Schmitt, ya pili ni ya kulimbikiza. Tokeo la kwanza (mraba) linapita kwenye resista R kwenda kwenye mguu wa hasi wa pili. Tokeo la pili (pembetatu) linarudi kwenye mguu wa chanya wa kwanza kupitia resista ya kiloomu 10. Kwenye mguu huohuo kuna resista ya kiloomu 22 kutoka kwenye tokeo la mraba. Mguu wa hasi wa kwanza uende athi. Basi. Mraba ukiwa juu, pembetatu inashuka. Ikifika chini ya kutosha inaugeuza mraba. Mraba ukigeuka, pembetatu inaanza kupanda. Kila mmoja anamsukuma mwenzake.

Kilele cha pembetatu kinaamuliwa na zile resista mbili: 7.5 mara 10 gawanya kwa 22, yaani volti 3.4 hivi. Masafa ni 22 gawanya kwa (4 × 10 × R × C), ambayo ukiirahisisha inakuwa 0.55 gawanya kwa RC. Tazama kilichokosekana humo: volti ya betri. Betri ikichoka, mraba unapungua kimo, pembetatu inapanda polepole zaidi, lakini mstari wa kugeukia nao umesogea karibu kwa uwiano uleule. Hayo mawili yanafutana. Mimi naona hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote katika saketi nzima, na vitabu vingi vinakipita bila hata kukisalimu.

Kwa R tumia resista ya kiloomu 10 ikifuatiwa na volyumu ya kiloomu 100. Kwa kapasita ya nanofaradi 10 unatembea kutoka hezi 500 mpaka 5,500. Badili kapasita iwe nanofaradi 100 unashuka mpaka kati ya 50 na 550. Kwa nini isiwe kiloomu 1 na volyumu ya 10, kwa kapasita kubwa mara kumi? Masafa yangekuwa yaleyale, lakini volyumu ikifika mwisho ungeidai op-ampu miliampea 7 na nusu kwa resista hiyo moja, na chipu hizi ndogo hazipendi kukamuliwa hivyo.

Ukikosea ukabadilishana nafasi za 10 na 22, saketi inakufa kimya. Haitoi moshi, haipati joto. Pembetatu sasa inatakiwa ifike volti 16 na ushei ndiyo igeuze mraba, na betri zinaishia 9. Inagota ukutani na kukaa hapo. Kabla hujailaumu chipu, soma rangi za resista.

Je, wajua kwamba 741 ni mvivu? Tokeo lake haliwezi kupanda zaidi ya nusu volti kwa kila sehemu ya milioni ya sekunde. Kutoka 7.5 hasi mpaka 7.5 chanya ni volti 15, yaani maikrosekunde 30. Kwenye hezi 500 huoni kitu. Kwenye 5,500 nusu ya mzunguko ni maikrosekunde 91, na theluthi yake imeliwa na safari hiyo. Mraba wako umelala mbavu. TL072 inaruka volti 13 kwa maikrosekunde, safari hiyohiyo inaimaliza kwa moja na kidogo. 4558 iko katikati, karibu zaidi na 741.

Lakini 741 tusiidharau. David Fullagar aliibuni katika kampuni ya Fairchild mwaka 1968 na kuweka ndani yake kapasita ya pikofaradi 30 ambayo kwenye chipu za kabla yake fundi alipaswa kuiongeza mwenyewe kwa nje. Kazi yake? Kuzuia chipu isitetemeke ovyo. Uvivu wake unatokana na kapasita hiyohiyo. Mtangulizi wake Fairchild alikuwa Bob Widlar, baba wa chipu ya 709 ya mwaka 1965. Alipohamia National Semiconductor na kampuni ikaacha kukata nyasi ili kubana matumizi, Widlar alileta kondoo aje kuzila. Hilo ni la 1970.

Joseph Fourier, Mfaransa aliyekwenda Misri na jeshi la Napoleon mwaka 1798, ndiye aliyetufungulia tumbo la mawimbi haya. Kitabu chake cha 1822 kilihusu joto, si umeme, ila hesabu ni moja. Wimbi mraba la hezi 1,000 limebeba ndani yake wimbi la sini la 1,000, jingine la 3,000 lenye theluthi ya kimo, la 5,000 lenye sehemu ya tano, na kuendelea kwa namba witiri bila kikomo. Pembetatu ina namba zilezile, lakini la 3,000 lina sehemu ya tisa tu na la 5,000 sehemu ya ishirini na tano. Hama kutoka tokeo la mraba kwenda la pembetatu huku ukisikiliza: noti haibadiliki hata kidogo, ukali ndio unaoondoka. Robert Moog alijenga sinthesaiza zake, kuanzia 1964, juu ya maumbo kama haya.

Meno ya msumeno? Badala ya R moja weka resista mbili, kila moja na diodi yake, moja ikielekea huku na nyingine kule. Ya kupandisha ikiwa kubwa na ya kushusha ikiwa ndogo, pembetatu inainamia upande mmoja.

Wimbi la sini ndilo gumu kuliko yote, ingawa ndilo linaloonekana jepesi kwa macho. Saketi inayojulikana zaidi inatokana na daraja la Max Wien, Mjerumani, la mwaka 1891. Resista mbili na kapasita mbili huchagua masafa: gawanya 1 kwa (2π × R × C). Kiloomu 16 na nanofaradi 10 zinakupa 995. Amplifaya inatakiwa ikuze mara tatu, si zaidi wala si pungufu. Ikikuza 2.9 wimbi linafifia na kufa. Ikikuza 3.1 linavimba mpaka linagota juu na chini, na vichwa vinakatika. Hakuna resista ya sokoni itakayokupa tatu kamili na kubaki hapo siku nzima.

Suluhisho lililopata umaarufu lilikuwa balbu. Bill Hewlett, akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Stanford, aliweka taa ndogo mahali pa resista inayoamua ukuzaji. Wimbi likivimba, umeme zaidi unapita kwenye waya wa taa, waya unapata moto, ukinzani wake unaongezeka, ukuzaji unashuka. Wimbi likisinyaa, waya unapoa na ukuzaji unapanda. Halihitaji mtu wa kusimamia. Yeye na David Packard walianza kuuza mashine hiyo kutoka gereji moja ya Palo Alto, California, kwa dola 54.40, wakaiita 200A ili wateja wasijue kwamba ndiyo bidhaa yao ya kwanza. Studio za Walt Disney zilinunua nane za toleo la 200B kwa ajili ya filamu ya Fantasia, iliyotoka 1940. Kampuni ya Hewlett-Packard ilianzia hapo, kwenye balbu.

Asiye na subira na balbu anaweza kuchukua pembetatu yake, akaipitisha kwenye resista, kisha diodi mbili ndogo za 1N4148 zilizogeuziana kwenda athi. Diodi zinakwangua ncha za pembetatu zikawa mviringo. Si sini ya maabara, ila kwa kupima amplifaya ya redio inatosha.

Wimbi la sini unalisikia hata kwenye simu: kila ukibonyeza 5 ikalia, ni mawimbi mawili ya sini yaliyochanganywa, hezi 770 na 1,336.

Betri mbili za 9 unaziunganishaje? Chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, na hapo katikati ndiyo athi yako. Ncha mbili zilizobaki ni chanya 9 na hasi 9. Kutoka mguu wa 8 kwenda athi weka kapasita ya nanofaradi 100, na nyingine kutoka mguu wa 4, zote zikikaa karibu na chipu kadiri inavyowezekana. Wanaozipuuza huishia kuona nywele nywele juu ya kila kona ya mraba. Kapasita ya kulimbikiza isiwe ile ya kopo yenye upande wa chanya na hasi, maana hapa volti inageuka upande kila nusu mzunguko.

Na osiloskopu si lazima. Weka kapasita ya nanofaradi 100 na zungusha volyumu mpaka R nzima iwe kiloomu 12 na nusu. Hesabu inasema 440, noti ya A ambayo wanamuziki karibu dunia nzima hukazia nyuzi. Pitisha tokeo kwenye resista ya kiloomu 1 mpaka kwenye spika ndogo ya pizo, kisha fungua kwenye simu programu yoyote ya kutyuni gitaa. Ikisoma 390 badala ya 440, fomula haina kosa. Kapasita za bei nafuu za kauri, zile za umbo la kidonge zenye rangi ya udongo, zinaruhusiwa kiwandani kupotoka kwa asilimia 20, na za daraja la chini zaidi hufika asilimia 80 upande wa juu, tena hubadilika na joto. Zishikie kidole wakati saketi inalia utasikia noti ikihama. Omba dukani za poliesta, mara nyingi zile za kijani zilizobapa.